Lebo ya Kichupa cha Nyuma

Kichupa cha nyuma kilikuwa kimekuja mbele.

Fundi aliivuta droo ya viungo kutafuta manjano, akakikuta kimesimama mstari wa kwanza, kati ya chumvi na pilipili manga. Jana yake tu alikuwa amekisukuma kona ya mwisho kabisa kwa mkono wake mwenyewe, na mkono wake haukuwa na ugonjwa wa kusahau. Kilikuwa kitupu, kizibo kimekazwa, na shingoni kimevaa lebo yake ya kitambaa. Hasira zikampanda papo hapo. Mchana nyumba ile ilikuwa na watu wawili, na yeye hakuwa amekigusa. Aliyebaki alikuwa uani anaanua nguo.

Lakini kabla hatujamwonea wifi wa watu, tuelezane habari za hiyo droo.

Fundi alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na kutwa ilikuwa inakimbia: sare za shule, magauni ya sherehe, suruali za kupunguza kiuno. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, akitoka ametoka. Wateja walimpigia Fundi kelele, vitambaa vilimpigia kelele, na mahali pekee palipomtuliza kichwa ni jikoni, ambako kila kitu kilijua mahali pake. Kisha akaja wifi yake.

Dada mdogo wa mume aliachika, akaja na begi moja na macho mekundu, akasema anakaa siku chache. Siku chache gani hizo, mbona mvua zilianza zikaisha na bado yupo? Hakuna aliyemuuliza. Ndugu wa mume haulizwi anaondoka lini. Unamtandikia, unameza fundo lako, unatabasamu. Wazazi wao walikuwa wamekufa, nyumba yao ilishauzwa, na kwa kaka yake ndiko kulikokuwa na paa lake la mwisho. Fundi alilijua hilo vizuri, na kulijua hakukumpunguzia hasira hata chembe.

Maana wifi huyo, jamani, alikuwa na mkono wa kuvuruga. Karafuu alizirudisha kwenye iliki. Kijiko kibichi alikichovya kwenye manjano mpaka yakashika mabonge. Vizibo aliviacha wazi, mdalasini ukalala na tangawizi kitanda kimoja. Fundi alivumilia. Kisha siku moja akaja mteja mkubwa, mwalimu mkuu mwenye kazi ya sare za shule nzima, wifi akamkaribisha chai, na ndani ya chai ile akatia chumvi vijiko viwili akidhani sukari. Mwalimu mkuu alipiga funda moja, akalitema lote juu ya jora jeupe la mashati.

Alasiri ile Fundi hakushona shati. Aliimwaga droo yote mezani, akaosha vichupa vya jamu na vya dawa za kikohozi, akavipangusa, akavijaza upya. Akachukua mabaki ya kitambaa cheupe cha kola, akakata vipande, akavipinda kingo kwa cherehani na kuvitia lastiki, ili kila kichupa kivalishwe lebo yake shingoni. Kisha akashika kalamu ya wino mzito na kuandika, na kila neno aliliandika kama anampiga mtu kofi. CHUMVI, SIYO SUKARI. ILIKI, FUNGA KIZIBO. MANJANO, KIJIKO KIKAVU, MACHO UNAYO. PILIPILI MANGA, WEWE UNAJIJUA.

Mwishoni kikabaki kichupa kimoja kisicho na cha kutiwa, na lebo moja isiyo na neno. Chumbani wifi alikuwa anacheka na simu, kile kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea nyumba. Fundi akasikiliza kicheko hicho meno yakimkwaruzana. Akaiinamia lebo na kuandika: ASIYETAKIWA. Akaivalisha kile kichupa kitupu, akakisukuma nyuma kabisa ya droo, akajisikia ametua mzigo.

Na sasa kilikuwa mbele.

Alitoka uani mikono kiunoni. "Wifi, hivi droo yangu umeifuata nini?"

"Droo ipi tena, wifi? Tangu asubuhi niko na nguo hizi."

"Basi kichupa kimeota miguu."

"Kichupa gani?"

"Cha nyuma."

Wifi alikunja shuka, akalipapasa likalainika, akalikunja tena. "Kile ulichokiandika asiyetakiwa?"

Fundi hakutegemea swali hilo. Alihisi masikio yakimwaka moto.

"Nilikiona," wifi akasema, macho kwenye shuka. "Nikasema labda amekosea. Kichupa ni kisichotakiwa, wifi. Asiyetakiwa ni mtu."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, au ya kuomba radhi, au hata ya kugombana wakamaliza. Fundi hakuchukua hata moja. Mtu mwenye hasira akibanwa huwa haombi radhi, huzidisha sauti. "Sasa umekuwa mwalimu wa Kiswahili? Nimeandika haraka haraka. Ni kichupa kibovu, nataka kukitupa."

"Haya," wifi akasema. "Haya, wifi yangu."

Fundi akarudi ndani akiwa na hasira maradufu, kwa sababu alijua hakuaminiwa.

Siku iliyofuata jua lilikuwa kali na mtaa wote umejifungia ndani. Cherehani ilinyamaza kwa kuwa uzi wa bobini ulikwisha, na katika ukimya ule Fundi akasikia droo ya jikoni ikivutwa. Kizibo kikazungushwa. Pakawa kimya kidogo. Kisha ikasikika pumzi ndefu inavutwa kwa puani, pumzi ya mtu anayenusa kitu kizuri asichotaka kimwishe, halafu kizibo kikarudishwa na kukazwa. Kikafuata kingine, na pumzi nyingine.

Leo nimemkamata, Fundi akajisemea. Akavua ndara asisikike, akanyata kuelekea jikoni, na alipopita dirishani akatupa jicho nje: wifi yake alikuwa amesimama getini, kabeba mafungu ya mboga, anabishana na muuza mboga. Fundi akasimama palepale, mguu mmoja mbele, akimwona wifi yake kwa macho mawili huko nje kwenye jua, na huku masikio yakisikia kizibo cha tatu kikizunguka taratibu bila haraka yoyote, na ile pumzi ikivutwa, ndefu zaidi ya pumzi ya mtu, ikivutwa na kuvutwa na kuvutwa bila kutolewa, mpaka yeye mwenyewe kifua kikambana kwa kuisubiri itoke.

Haikutoka. Alipoingia jikoni hapakuwa na mtu. Droo ilikuwa wazi, kichupa kile kiko mbele, na hewani palikuwa na harufu ya jivu lililomwagiwa maji. Akafungua karafuu akazinusa. Hakuna kitu. Akatafuna moja, ikawa kama anatafuna kijiti. Zilikuwa karafuu kwa macho tu, harufu yake imekwisha kuliwa.

Baada ya karafuu ikafuata iliki, ikafuata mdalasini. Chakula kikawa hakina maana mdomoni, hata wakitia viungo ngumi kwa ngumi. Na kadiri vichupa vingine vilivyokufa, ndivyo kile kitupu kilivyopata vitu ndani. Kwanza Fundi aliona kizonge cha nywele za kitana. Halafu kucha zilizokatwa. Halafu vipande vya uzi alivyofagia chini ya cherehani, ukoko wa wali ulioungua, ganda la kidonda cha kidoleni mwake. Kila ambacho nyumba ile ilikitupa, kichupa kilikipokea.

Fundi akakichukua kwa ncha za vidole, akaenda nacho mpaka jaa la taka mwisho wa mtaa, akakitupa mbali kwa nguvu zake zote na tusi juu yake. Aliporudi akaivuta droo. Kilikuwa mstari wa kwanza, kisafi, lebo imenyooshwa vizuri shingoni.

Hasira ikaishinda hofu. Akanyakua mkasi akashika ile lastiki aikate, na mkasi wake uliokuwa ukipita jinzi mbili kwa pamoja ukateleza kama umeshika mafuta. "Kung'ang'ania kwako huku!" akafoka. "We asiyetakiwa we!"

"Abee," droo ikaitika.

Ilikuwa sauti ndogo, ya adabu, ya mtoto wa kike aliyelelewa vizuri anayeitwa na wakubwa. Sahani ikavunjika nyuma ya Fundi. Wifi alikuwa amesimama kwenye sinki, mikono ina povu, midomo imemkauka.

"Wifi," akanong'ona. "Nani kaitika?"

"Nyamaza."

"Wifi, nani yumo humo ndani?"

"Nimesema nyamaza! Usilitaje hilo neno. Toka, toka twende nje."

Walikaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele mpaka jua likapoa, mabega yamegusana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Baadaye Fundi alishangaa kwamba mkono wa wifi yake ulikuwa ndani ya wake na hakukumbuka ni nani aliyemshika mwenzake.

Tangu hapo wakawa hawaachani. Ukienda jikoni unakwenda na mwenzako. Fundi akishona, wifi alikaa kwenye kigoda pembeni yake akitia vifungo, na kumbe vifungo alivijua, tena alikuwa na maneno. Akimwona mteja mwenye maringo anaingia alimwiga kwa sikio la Fundi tu, mpaka Fundi akajichoma sindano kwa kuzuia kicheko. Siku moja katikati ya kazi Fundi akagundua kwamba wifi yake akitoka kwenda msalani, yeye anamsubiri arudi. Nyumba ilikuwa na kitu kibaya ndani yake, na ndani ya nyumba hiyohiyo alikuwa amepata mwenzake. Je, alimwambia? Hakumwambia. Alimwambia, "Hicho kifungo umekiweka upande," basi. Watu wengine neno zuri huwakaba kooni kama mwiba wa samaki, na matusi huwatoka bila kuitwa.

Dereva alirudi mchana mmoja, mchovu na vumbi, wakamweleza. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Jini la viungo! Yaani majini yote yanakaa makaburini, hilo la kwenu limechagua bizari?"

"Cheka," Fundi akasema. "Cheka vizuri."

Wifi akaenda kuleta chai. Dereva akashusha sauti, akajifanya mtu wa busara, na hapo ndipo alipoharibu. "Mke wangu, mimi si mtoto. Nyinyi wawili hamwelewani tangu zamani. Kama hamwezi kukaa pamoja, sema. Nitamtafutia mahali pengine, tumalize."

"Nini?"

"Nasema ataondoka, yaishe."

"Nani kakwambia aondoke?" Fundi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nani? Unakuja hapa na vumbi lako unanipangia nyumba! Wifi yangu haendi popote! Ukimtoa yeye unitoe na mimi!"

Fundi alipogeuka kuelekea ukumbini aliikuta trei sakafuni, imewekwa taratibu, vikombe vimejaa na havikumwagika hata tone. Mlango wa chumba cha wifi ulikuwa umefungwa. Wifi alikuwa amefika na kusikia nusu ya kwanza, ile ya kaka yake, na nusu ya pili hakuisubiri. Fundi akanyoosha mkono agonge, kisha akaurudisha. Alikuwa bado ana hasira na mumewe, na akajiambia nikiingia na uso huu nitamgombeza yeye, nitamwambia kesho, kwani hajui? Atajua tu.

Dereva, kwa kutaka kuyamaliza kama mwanamume, aliingia jikoni, akaivuta droo kwa kishindo, akainama akaita kwa dhihaka, "Haya, asiyetakiwa! Upo?"

"Abee, kaka."

Haikuwa tena sauti ya mtoto. Ilikuwa sauti ya dada yake, ileile yenye kamkwaruzo mwishoni, ileile iliyomwitikia tangu wakiwa wadogo, na ilitoka chini kabisa nyuma ya vichupa, taratibu, kwa mapenzi, huku dada mwenyewe akiwa chumbani kwake mlango umefungwa akilia bila sauti. Dereva alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Hakucheka tena siku ile.

Asubuhi wifi alitokea na gauni mkononi, lile la bluu alilokuja nalo. Aliligeuza shingo akamwonyesha Fundi. Ndani ya kola, mahali pa lebo ya duka, palishonwa kitambaa cheupe chenye neno lile, kwa uzi wa Fundi, kwa mshono wa Fundi, na mwandiko wa Fundi.

"Sijashona mimi," Fundi akasema. "Haki ya Mungu, wifi, sijashona mimi."

"Najua."

"Hujui! Unaniangalia kama hujui! Lete nikifumue."

"Kinakataa, nimejaribu." Wifi akalivaa gauni lile juu ya nguo zake, mbele yake, akafunga vifungo kimoja kimoja. "Si kitu, wifi. Lebo ni lebo tu."

Fundi akataka kulia, na kwa kuwa hakuzoea kulia alimfokea mumewe amlete mganga sasa hivi, kabla ya chai, kabla ya kunawa uso.

Aliyeletwa ni Mama Mizizi, muuza dawa wa sokoni, mwanamke mfupi mwenye chetezo na hasira zake mwenyewe. Aliingia jikoni akinung'unika kwamba ameacha wateja, akaitazama droo, akasoma lebo, akageuka na jicho kali.

"Nani kaandika huu uchafu?"

"Mimi," Fundi akasema.

"Umekipa kitu kitupu jina la mtu, ukategemea aje nani? Viko viumbe vimefukuzwa kila nyumba, kila pango, kila mti. Vinazunguka tu, havina pa kukaa. Halafu wewe unakiwekea nyumba na jina lake mlangoni! Kingekosaje kuja? Na sasa kimekaa, kimenusa vyakula vyenu, kimesikia mnavyoitana, hakitaki tena jina hilo. Kinataka zuri zaidi. Hili la zamani kinatafuta mtu wa kumbandika."

"Sikukiandikia chenyewe."

"Ulimwandikia nani?"

Dereva alikuwa pale. Wifi alikuwa pale, mlangoni, ndani ya gauni la bluu, na alimwangalia Fundi moja kwa moja, si kwa hasira, kwa kusubiri tu. Fundi aliufungua mdomo wake. Neno lilikuwa moja na lilikuwa fupi.

"Nilikosea ngeli," akasema.

"Ngeli," Mama Mizizi akafyonza. "Haya. Tutoe ngeli hiyo. Sikilizeni, sirudii. Nitaliita jina. Mwenye jina ataitika, na akiitika nitamwambia toka, na atatoka asirudi. Ndiyo dawa, hakuna nyingine. Asiyeitwa afunge mdomo wake. Hata akiguswa, hata akisikia mama yake aliyekufa, afunge mdomo. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," Dereva akasema peke yake.

Mlango wa nje ukaachwa wazi kuingiza mwanga mweupe wa saa sita mchana. Moshi wa chetezo ukajaa. Mama Mizizi akafumba macho, akaweka kiganja juu ya meza ya droo, akaita kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko mwili wake.

"Asiyetakiwa!"

Hakuna aliyejibu. Vichupa vilitikisika kidogo, vikagongana, vikatulia.

"Asiyetakiwa! Nakuita!"

Fundi aliikazia macho droo ile, akaiona inajivuta yenyewe upana wa kidole, na gizani mle akahisi kile kitu kimejikunyata kikisikiliza, hakijalala wala hakijaogopa, kimezuia pumzi yake yote ile ndefu kiliyoivuta siku zote bila kuitoa, kinasubiri kwa makusudi, na kwa mara ya kwanza akaelewa kinasubiri nini, akageuka kumtafuta wifi yake huku mkono umekwisha kunyooka kumziba mdomo, naye mganga anavuta pumzi ya mwito wa tatu, naye Dereva amefumba macho anaomba, na kati yake na wifi kuna meza, kuna kiti, kuna moshi.

"Asiyetakiwa!"

"Abee," wifi akaitika.

Aliitika kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyeitwa jina lake.

"Toka," Mama Mizizi akasema, macho bado yamefumbwa, "na usirudi."

"Siye!" Fundi akapiga yowe. "Siye huyo! Rudisha neno lako! Rudisha, we mwanamke!"

Mama Mizizi akafumbua macho. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na ile hasira yake yote ikamwisha usoni akabaki mzee tu. "Nani kaitika?" akauliza. "Jamani, nani kaitika?" Droo ikajifunga taratibu. Hapohapo harufu ikarudi: karafuu, iliki, mdalasini, manjano, kila kitu kwa pamoja, ikalijaza jiko mpaka machozi yakawatoka. Dereva akavuta hewa, akatabasamu kama mjinga. "Imekwisha," akasema. "Si mnasikia harufu? Imekwisha!"

Fundi angempiga kofi kama angekuwa na wakati. Wifi alikuwa amekwisha kwenda chumbani, amekwisha kutoka na begi lake lilelile moja, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa abiria anayeshuka kituo chake.

"Asanteni kwa kunihifadhi," akasema.

"Wifi, weka begi chini."

"Nawashukuru sana."

"Weka begi chini nimesema!" Fundi alimshika mkono wa gauni, akaukaza, na kitambaa kikamtoka vidoleni kama mkasi ulivyoteleza kwenye lastiki. Alimshika bega, likateleza. Alimkumbatia mzima mzima, yeye ambaye hakuwahi kumkumbatia, na mikono yake ikakutana na kifua chake mwenyewe. Wifi akapita. Akavuka kizingiti, akavaa viatu, akashika njia.

Fundi akamfuata mpaka barabarani, miguu mitupu, nywele wazi. Mtaa ulikuwa na watu wake wa mchana: kinyozi mlangoni kwake, wanawake wawili na ndoo, muuza mboga na mkokoteni. Wifi alipita kati yao na hakuna aliyempisha wala kumsalimu, wala kuinua macho. Muuza mboga, aliyebishana naye kila siku ya Mungu, aliusukuma mkokoteni wake kana kwamba pale hapana mtu.

"Wewe!" Fundi alipiga kelele. "Simama hapo! Nilikuandikia wewe, ndiyo, nilikuandikia wewe, nilikuwa na hasira! Sasa sina! Unasikia? Nakutaka! Nani kakwambia sikutaki? Rudi nyumbani!"

Watu wakamgeukia yeye. Gauni la bluu halikugeuka. Lilikuwa linakaribia kona, na Fundi alijua, bila kuambiwa na mganga yeyote, kwamba liko neno moja tu ambalo sasa lingemsimamisha yule mwanamke na kumfanya ageuke na kusema abee. Lilikuwa mdomoni, tayari. Angelisema angemwona uso wake mara moja zaidi. Alikunja ngumi, akalimeza, likamkwangua koo linashuka.

Akaita lile lingine, lile la kila siku, kwa nguvu zote zilizomo kifuani.

"Wifi!"

Kona ikammeza yule aliyekuwa anakwenda.

"Abee, wifi," ikaitika sauti nyuma yake, kutoka jikoni, kwa adabu na furaha nyingi, na ilikuwa na kamkwaruzo mwishoni. "Niko huku. Nakupangia viungo vyako."